Vidole vya Mama Mdogo Havikupindwa na Baridi

Jumamosi iliyopita, msibani, nilimsikia mama mmoja wa makamo akimwambia binti wa miaka 34 aliyelalamika kwamba vifundo vya vidole vyake vimevimba: "Hiyo ni baridi tu, mwanangu. Acha kufua alfajiri, ujikande kwa mafuta ya karafuu." Wote waliokuwa jamvini wakaitikia. Nilinyamaza kwa heshima ya msiba, lakini sijatulia tangu siku hiyo, kwa sababu maneno hayohayo ndiyo tuliyomwambia Mama Mdogo kwa miaka 4.

Mama Mdogo alikuwa msukaji wa ukili. Leo vidole vyake vinne vya kila mkono vimelalia upande wa kidole cha mwisho, kikombe cha chai hukishika kwa viganja viwili, na vifungo vya gauni hufungwa na mjukuu. Hajafika miaka 60. Vidole hivyo havikupindwa na maji ya kisima, wala havikupindwa na uzee.

Jina letu la baridi yabisi limetuponza, kwa kuwa tunalitumia kwa goti la mzee lililosagika kwa miaka mingi na kwa ugonjwa huu wa rumatoidi uliompata Mama Mdogo pia, ilhali ni mambo mawili tofauti. Katika rumatoidi, kinga ya mwili huugeukia utando laini unaozunguka kiungo kwa ndani. Utando huo huvimba, hunenepa na kutambaa juu ya gegedu, ile tabaka nyororo inayofunika ncha za mifupa, ukiila. Hapo huingia seli ziitwazo osteoklasti. Katika mwili wenye afya, seli hizi hubomoa mfupa mkuukuu huku seli nyingine zikijenga mpya, na kazi hizo mbili huenda sawia; katika kiungo kilichovimba, wabomoaji huongezeka na wajenzi hawawahi. Ubomoaji huanzia pembezoni mwa kiungo, pale ambapo mfupa haukufunikwa na gegedu. Daktari alituonyesha eksirei ya Mama Mdogo: ncha za mifupa zilizopaswa kuwa za mviringo zilikuwa zimemegwa kama mkate ulioguguniwa na panya. Mfupa uliomegwa hivyo haurudi ulivyokuwa, na kano zinapolegea kila kidole hukaa kule kinakovutwa.

Linaloniuma zaidi ni wakati. Kwa wagonjwa wengi mashimo hayo huonekana ndani ya miaka 2 ya mwanzo, yaani miaka ileile tuliyoimaliza kwa kukanda, kuchua na kubadilisha mafuta. Wala eksirei safi ya miezi ya mwanzo isimtulize mtu, kwani uharibifu unaweza kuwa umeanza kabla picha haijaonyesha kitu. Nakiri kwamba bila diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, Mama Mdogo asingepata usingizi, lakini dawa hiyo humtuliza mgonjwa huku mfupa ukiendelea kuliwa. Kinachouzuia ugonjwa wenyewe ni dawa kama methotreksati, ambayo kwa rumatoidi hunywewa mara moja tu kwa wiki, kamwe si kila siku, mgonjwa akipimwa damu na ini, na ambayo mjamzito haruhusiwi kuitumia. Mama Mdogo aliianza mwaka wa tano. Uvimbe ulipungua, maumivu yakapungua, vidole havikunyooka.

Ni kweli kwamba madaktari bingwa wa viungo ni wachache, na nauli ya kuwafuata si ndogo. Hata hivyo, dalili za kumfanya mtu aanze safari hazihitaji bingwa kuzitambua: uvimbe wa vifundo vya vidole na viwiko, pale kiganja kinapoungana na mkono, kwa mikono yote miwili kwa pamoja, unaodumu kwa wiki kadhaa, na ukakamavu wa asubuhi unaochukua saa nzima au zaidi kulegea. Wanawake hupatwa mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume, na wengi wao wangali katika umri wa kulea na kufanya kazi, kwa hiyo kumwambia binti kwamba bado mdogo si hoja.

Jana nilimpigia simu yule binti. Nilimwuliza mikono yake huchukua muda gani kulegea akiamka. Akanijibu kwamba hawezi kukunja ngumi mpaka saa tatu asubuhi, na kwamba hali hiyo ina miezi 5 sasa. Jumatatu tunakwenda pamoja hospitali, na Mama Mdogo amesema atakuja nasi ili binti aione mikono yake.