Shangazi hana chama, lakini barabara nzima inamjua

Juzi mvua imenyesha usiku kucha hapa Ngamiani, Tanga. Kulipokucha maji ya mtaro yalishaingia vyumba vya mbele, na mtu wa kwanza niliyemkuta nje ni Shangazi. Kanga kajifunga kiunoni, chepe mkononi, anazoa takataka zilizoziba kalavati. Si shangazi yangu wa damu, ni shangazi wa barabara nzima. Ndiye anayeshika daftari la msiba: limechakaa pembe, limefungwa kwa mpira, kila nyumba ina mstari wake, na elfu mbili mbili za watu zimeandikwa humo kwa kalamu ya bluu. Miaka yote hiyo sijasikia hata shilingi iliyopotea.

Nilipomwona pale, uchungu wa 2024 ukanirudia mbichi.

Kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba mwaka ule tulikwenda kwake, wazee wawili na sisi vijana watatu, tukamwomba agombee uenyekiti wa mtaa. Akakataa. Tukarudi, akakataa tena. Mara ya tatu akakubali. Siku ya kuchukua fomu nikamsindikiza, kavaa baibui lake la Idi. Swali la kwanza: "Mama, umedhaminiwa na chama gani?" Akajibu hana chama. Tukaambiwa, kwa adabu kabisa, basi fomu hakuna. Aliyetuambia hakukosea, ndivyo kanuni zinavyotaka. Njia nzima Shangazi hakusema neno, mpaka tulipofika barabara ya 12: "Mwanangu, kwa hiyo wote wale mlioniomba hamhesabiki?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kanuni hiyo mizizi yake iko juu. Ibara ya 39 ya Katiba kwa urais na ya 67 kwa ubunge zinataka mgombea awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Katiba hiyohiyo, Ibara ya 20, inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Nimezisoma na kuzirudia, sioni zinavyokaa nyumba moja. Hulazimishwi kujiunga, ila usipojiunga haki yako ya kuchaguliwa inaishia mlangoni.

Na tusiambiane kwamba nchi hii haiwezi. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Kile kimoja, cha Mbulu, alikipata Herman Sarwatt, mwana-TANU ambaye chama hakikumteua. Akasimama mwenyewe, watu wa Mbulu wakampa kura zao. Nchi haikupasuka. Mwaka uliofuata tukapata Uhuru.

Mchungaji na mwanasiasa Christopher Mtikila alilipigania jambo hili la mgombea binafsi, yaani asiyedhaminiwa na chama, sehemu kubwa ya maisha yake. Mahakama Kuu ikampa haki 1994, Bunge likabadilisha Katiba kuziba njia. Akarudi, Mahakama Kuu ikampa tena 2006. Mahakama ya Rufani ikatengua 2010, ikasema hilo ni la Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki na inapaswa kurekebisha. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba nayo ilimtambua mgombea huru. Mtikila akafariki 2015 kwa ajali ya barabarani, hajaona hata fomu moja ya mgombea binafsi.

Wapo wanaosema mwenye fedha atajinunulia kiti. Anaweza, sikatai. Lakini leo hahitaji kuushawishi mtaa mzima, anahitaji kuwapata wajumbe wachache wa kura za maoni ndani ya chama tu. Kama hofu ni watu wa ovyo kujitokeza, lipo sharti rahisi: mgombea akusanye saini za wapiga kura wa eneo lake. Shangazi angezimaliza kabla ya adhuhuri.

Tume ya Uchaguzi sasa inaitwa Tume Huru, nakubali ni hatua, ingawa uchaguzi wa mitaa wa 2024 ulisimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya Serikali ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, kama zamani. Matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume, Ibara ya 41 inazizuia mahakama kuyachunguza. Hayo nayo yarekebishwe, tena mapema. Lakini kinachonikosesha usingizi mimi ni mlango wa fomu, kwa sababu anayezuiwa pale hafiki hata kwenye karatasi ya kura, na sisi tunaomtaka hatuna pa kutia alama.

Wabunge mnaoomba kura zetu huku Tanga, lipelekeni bungeni. Ibara ya 39, ya 67, na kanuni za mitaa. Kwa mzunguko wa miaka mitano, uchaguzi wa mitaa ujao ni 2029. Shangazi atakuwa ametimiza miaka sabini na moja, na chepe bado atakuwa analishika. Nataka nimsindikize tena, na lile baibui la Idi.