Shelaki isizikwe kwa sababu ya kikombe cha chai

Kila nikitaja shelaki, ile ya kupaka mbao zing'ae, kwa mafundi seremala wenzangu hapa Tabora jibu ni lile lile, hiyo kitu inaogopa maji. Juzi mteja mmoja wa Kiloleni kanirudishia stuli ya mninga niliyompigia shelaki mwezi uliopita, juu ina duara jeupe saizi ya kitako cha kikombe, na fundi wa kibanda cha jirani akaona ushahidi umekamilika, akaniambia si nilikwambia upige vanishi. Sasa naomba tuliongelee hilo duara kwa utulivu maana naona ndipo watu wengi wanapokosea hesabu.

Kwanza tukubaliane na ukweli wake. Shelaki ni utomvu wa mdudu mdogo sana anayefugwa India na Thailand kwenye miti fulani, mmojawapo ni mkunazi, huu huu ambao watoto wetu wanaokota kunazi, alafu unasafishwa na kuyeyushwa na kutandazwa mwembamba mpaka ukikauka unavunjika vigamba. Vigamba unavilowesha kwenye spiriti, ambayo ni pombe kali, gramu 240 kwa lita moja kwa kazi ya kawaida, gramu 120 ukitaka nyepesi ya kuanzia. Kwa hiyo kilichoyeyushwa na spiriti kitayeyuka tena na spiriti, mtu akimwaga pombe kali mezani imekula kwake, na sabuni kali nayo inaitafuna. Moto ndo usiseme, ikifika nyuzi 70 na kitu inaanza kulainika, ina maana sufuria ya ugali iliyotoka jikoni haitakiwi kuigusa kabisa.

Na ina kasoro nyingine ambayo mafundi hawaisemi kwa sababu hawajafika huko. Ikishachanganywa inazeeka. Mi mwenyewe niliwahi kuchukua chupa iliyokaa kwenye rafu karibu mwaka mzima, bati la juu linawaka jua la Oktoba, nikapaka ubao wa kichwani wa kitanda, siku tatu baadae ukigusa bado unanata na alama ya kidole inabaki. Nikakwangua yote nikaanza upya. Tangu hapo nachanganya kidogo kidogo, ya kazi ya wiki hiyo, na chupa naiandika tarehe. Masika pia usilazimishe, hewa ikiwa na unyevu mwingi inakauka na ukungu mweupe ndani yake. Alafu mbao ya mkurungu ina wekundu wake unaofuata spiriti, ukipaka bila kuangalia unakuta kitambaa kimekuwa kama kimefuta damu na mbao nyeupe ya pembeni imepata madoa.

Sasa turudi kwenye stuli. Nilichukua kipande cha kitambaa cha pamba, kilichofuliwa mpaka hakitoi nyuzi, nikakidondoshea spiriti matone machache, nikakikunjia kiganjani mpaka kikawa kinaonekana kama kikavu, nikapitisha juu ya lile duara haraka haraka bila kusimama, kama mtu anayepangusa vumbi. Mara ya kwanza likafifia. Mara ya nne au ya tano halipo. Nikaiacha ipumue, nikapitisha shelaki mpya nyepesi mkono mmoja juu nzima, nusu saa ikawa imekauka, yule mteja alikuwa amekaa palepale kwenye benchi ananiangalia na akaondoka na stuli yake. Sikutumia hata kipande cha msasa, maana koti jipya la shelaki linayeyuka kidogo na lile la zamani vinakuwa kitu kimoja, hakuna mstari wala ganda.

Hiyo vanishi ya poliuretheni tunayoisifia, na nakubali inavumilia maji kuliko shelaki kwa mbali sana, ikija kuchoka inafanyaje? Inaanza kubanduka kwenye kona, maji yanaingia chini yake panageuka kijivu, na ukipaka mpya juu ya iliyobanduka haishiki, kwa hiyo unarudi kwenye msasa namba 80 mpaka uone mbao. Na kila ukirudi kwenye mbao umepunguza mbao. Fikiria kitanda cha mninga kinachoishi miaka 50, kimekwanguliwa mara nne tano, zile nakshi za fundi wa zamani zinabaki mabonde mabonde tu, kona zote zimekuwa duara. Na mninga wa kueleweka siku hizi unafuatwa mbali, sio kama zamani ulivyokuwa ukitoka nyuma ya nyumba. Hili ndilo linaloniuma kuliko mengine yote, kwamba tunachagua kwa kuangalia siku ya kwanza itang'aa vipi, hatuulizi mwaka wa kumi na tano nani atairekebisha na kwa kupoteza nini.

Kuna na suala la mapafu yetu. Ukipiga laka, ile ya kung'arisha mbao inayochanganywa na tina, kwa kompresa kwenye kibanda cha bati mtaa mzima unajua. Shelaki yenyewe inapakwa hata kwenye vidonge vya dawa na pipi, ila spiriti yake isichezewe, inashika moto upesi na ile ya dukani mara nyingi imetiwa sumu isinywewe, kwa hiyo fungua mlango.

Bei na upatikanaji ndo hoja yao nzuri kuliko ya maji. Vigamba havipo kwenye maduka ya vifaa hapa, mi naagizia Dar vinakuja na basi, na fundi anayelipwa kwa kipande hawezi kusubiri. Hapo sina cha kubisha. Ila kama unavyo, kitanda, kabati la nguo, fremu, mlango wa ndani, piga shelaki bila woga, kisha nta ya nyuki juu yake, na nta kwa Tabora hatujawahi kukosa.

Yule mteja aliniuliza kama meza yake ya chakula nayo niipige hivyo hivyo. Nikamkatalia, nikamwambia hiyo ina watoto sita na masufuria, tutapaka shelaki iliyotolewa nta yake ya asili koti moja la chini na juu yake poliuretheni. Kitanda ndo kakubali tufanye shelaki, tunaanza mvua zikikata.