Hii menyu ya vipendwa imenichosha jamani
Hivi na nyie mnateseka na menyu ya mafaili ya vipendwa kwenye programu ya kuandikia kodi za kompyuta (zile za kutengenezea tovuti na programu) au ni mimi peke yangu? Yani unakaa unachagua mafaili yako unayoyafungua kila siku, unayapanga vizuri pale juu ili usihangaike, halafu siku umebadilisha jina la folda moja tu, basi, umekwisha. Unabonyeza, unaambiwa faili halipo. Halipo vipi wakati nimekesha nalo jana mpaka saa nane usiku?? Faili lipo! Ila menyu haikuhifadhi faili, imehifadhi njia ya kulifikia, yani majina ya folda lilimokaa, sasa njia ikibadilika hata herufi moja yenyewe inaendelea kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Wenye flashi ndo kabisaa. Leo kompyuta imeipa herufi E, kesho umetangulia kuchomeka kitu kingine inakuwa F, na njia inaanza na hiyo herufi, basi vipendwa vyote chali kwa mpigo mmoja.

Na majina sasa! Mafaili matatu yote yanaitwa index.html (jina la kawaida la ukurasa wa mwanzo wa tovuti), menyu inaonyesha jina tupu bila folda, nitajuaje lipi la mteja na lipi la majaribio? Juzi nimefuta mistari kibao kwenye la mteja nikijua niko kwenye la majaribio, moyo ulinipasuka.

Kwani kuna ugumu gani kuandika jina la folda pembeni, hata kwa herufi ndogo kama sisimizi? Au kuniuliza tu "limehamia wapi?" nikuonyeshe tuendelee na kazi?