Ndoo ya Chokaa Bath, Mfuko wa Saruji Kiponda

Huku Uingereza chokaa ya kujengea inauzwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Kibandiko kinasema imerowekwa miezi mitatu kabla ya kuuzwa, na muuzaji anaisifia kama asali ya Tabora. Bei inauma, lakini la kuudhi zaidi ni kwamba yote yanayosifiwa kwenye kile kibandiko yalikuwepo Unguja: tanuu la magogo ya minazi, mawe ya matumbawe juu yake, moto, maji, shimo, subira. Leo fundi wa Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe, akitaja subira anaambiwa anachelewesha kazi.

Linganisheni Bath, mji wa huku Uingereza, na Mji Mkongwe wetu wa Unguja. Bath iliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987, sisi mwaka 2000. Wao wamejenga kwa jiwe laini la chokaa, sisi kwa matumbawe, ambayo ni chokaa ya baharini. Wote tunaishi kwa watalii. Tofauti ni moja: huku mwenye nyumba ya urithi akiibadilisha bila ruhusa anafanya jinai, kwa sheria ya mwaka 1990, na anaweza kufungwa. Kwetu sheria zipo, na Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985, ila saruji inaingia kwa hamali mchana kweupe na hakuna anayeuliza inakwenda wapi.

Najua majibu yanayokuja. "Keshakuwa Mngereza huyo." "Tutumie hizo ndoo basi, sheikh." Sawa, lakini nisomeni kwanza habari ya ukuta.

Ukuta wa Mji Mkongwe una unene wa nusu mita na zaidi. Nje mawe, ndani mawe, katikati kifusi, udongo mwekundu na chokaa. Unakunywa maji na kuyatoa: unyevu unapanda kutoka chini, mvua inapiga ubavuni, kisha jua na upepo vinayavuta maji nje kupitia plasta ya chokaa. Ukipiga saruji juu yake, maji yataingia kwenye ufa wa kwanza na hayatapata pa kutokea. Basi yanapanda. Ndiyo maana nyumba iliyopigwa saruji mpaka kiunoni inaanza kuota ukungu kifuani, na mwenyewe anaagiza saruji nyingine ya kufunika kifua. Chumvi iliyomo kwenye matumbawe, na kwenye mchanga wa pwani usiooshwa, inakauka nyuma ya saruji na kulisaga jiwe likawa unga. Udongo wa katikati unalainika na kushuka, ukuta unafanya tumbo. Baya zaidi ni boriti. Kichwa cha boriti kinaozea ndani ya ukuta, mahali pasipoonekana, huku sehemu iliyo chumbani bado nzima, imepakwa rangi vizuri na mgeni anaipiga picha.

Kazi ya kurekebisha haihitaji mtaalamu wa kutoka nje. Maungio ya mawe yanakwanguliwa kwa tindo na nyundo, kwa kina cha mara mbili ya upana wake. Grainda hapana, inakula jiwe. Vumbi linatolewa kwa brashi. Ukuta unamwagiwa maji jana yake na tena asubuhi, kwa sababu jiwe kavu litainyonya chokaa kabla haijashika. Kipimo kimoja cha chokaa iliyorowekwa kwa viwili na nusu au vitatu vya mchanga mkali uliooshwa kwa maji baridi, si ya kisima cha chumvi. Mchanganyiko ukiwa mgumu usikimbilie kuongeza maji, upondeponde, utalainika wenyewe. Shimo kubwa lijazwe vijiwe kwanza. Plasta iende kwa tabaka za sentimita moja moja, kila moja isubiriwe. Kisha magunia mabichi yatundikwe na kumwagiwa wiki nzima. Chokaa inashika kwa kuvuta hewa polepole, na bila unyevu haivuti. Jua la saa saba likiipiga siku ya kwanza, utaikwangua kwa kucha.

Hapo ndipo fundi anapolaumiwa bure. Anapewa chokaa ya mfuko ya kupaka ukuta, iliyokaa dukani hata imeshavuta hewa na kumaliza nguvu zake. Haishiki. Tajiri anataka kufungua hoteli kabla ya wageni wa Juni, na kazi yenyewe imeanza katikati ya masika, ukuta umelowa chepechepe. Fundi anaongeza saruji "kidogo tu ishike". Hiyo kidogo haiupi mchanganyiko nguvu ya maana, ila inaziba njia za maji vilevile. Juu yake inapigwa rangi ya plastiki, na msimu wa pili imetoka mabaka.

Na hoteli ina kosa lake kubwa kuliko saruji: vyoo. Vyumba vya nyumba zetu vina upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu hapo ndipo boriti ya mkoko inapofika. Nyumba iliyokuwa na choo kimoja chini, inageuzwa ya vyumba vinane vya kulala wageni, kila kimoja na bafu lake, juu ya boriti. Kiungo kimoja cha bomba kikivuja tone tone nyuma ya vigae, hakuna atakayejua mpaka dari ya chini ishuke. Darini kuna simtangi la lita 2,000, yaani tani mbili za maji zimewekwa kwenye kona moja. Viyoyozi vinatiririsha maji ukutani usiku kucha. Halafu tunasema nyumba ni kuukuu.

Watu wakisikia haya wanataja Beit el Ajaib, jumba kubwa la Mji Mkongwe, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Msiba ule ulijulikana dunia nzima, na wafadhili walipatikana. Mimi nasemea nyumba za Kajificheni na Sokomuhogo zinazodondoka kipande kipande, zenye warithi ishirini, au za wakfu, au za serikali zenye kodi ambayo haitoshi kununua bati moja.

Nisije nikaonekana nawasujudia Waingereza. Hawa hawa waliijazia Liverpool majengo mapya mpaka ikafutwa kwenye orodha ya urithi mwaka 2021. Karne iliyopita walijaza saruji kwenye maungio ya mawe yao laini, na sasa mawe yanabanduka huku saruji imesimama peke yake kama wavu. Ukikarabati nyumba ya zamani serikali yao inakutoza VAT ya 20%, ukijenga mpya sifuri. Mlango mmoja wa Royal Crescent, safu ya nyumba za mawe kule Bath, uliopakwa rangi ya njano miaka ya 1970 ulileta kesi na halmashauri. Ujinga mtupu. Na waliposimamisha Royal Crescent, karne ya 18, kuba za matumbawe za msikiti mkuu wa Kilwa zilikuwa zimeshadumu karne kadhaa. Kwa chokaa. Hakuna wa kutufundisha hapa.

"Basi njoo ulipe wewe." Jibu langu ni kwamba analipa mgeni, na tayari anatozwa kodi ya miundombinu kwa kila usiku anaolala. Sehemu ya kodi hiyo ichimbiwe mashimo ya chokaa, moja Malindi, moja Mkunazini, chokaa irowekwe mwaka mzima, na mwenye nyumba auziwe kwa ndoo, bei isizidi ya saruji. Mashimo yakiwa mawili, la mwaka huu na la mwaka ujao, fundi hakosi chokaa iliyoiva. Hoteli isipewe kibali cha kufungua mpaka mkaguzi aone mabafu yamepangwa moja juu ya jingine kwenye ukuta mmoja, bomba la maji machafu limepita nje, simtangi limekaa kwenye fremu inayoegemea kuta mbili, na maji ya viyoyozi yana mpira wake mpaka mtaroni.

Mwenye nyumba asiyeweza kungoja serikali aanze na mabati na mifereji kabla ya vuli, kwa sababu chokaa yoyote chini ya bati linalovuja ni hasara. Kisha atoboe tundu dogo kwenye plasta ya saruji, pale boriti zinapoingia ukutani, achomeke bisibisi kwenye kichwa cha boriti. Ikizama bila kusukumwa, wageni waondolewe kwenye chumba hicho leo leo.