Vuga Ijengwe Upya? Nguzo Zitapatikana, Waezekaji Je?

Basi linalopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto hupita Soni. Abiria hununua matunda, hutazama maporomoko ya maji, safari ikaendelea. Wachache hukumbuka kwamba si mbali na hapo ndiko iliko Vuga, makao ya Wakilindi walioitawala Usambara. Wakati wa Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, sauti ya Vuga ilisikika hata katika kusimikwa kwa majumbe wa pwani, Tanga na Pangani. Leo ukienda kutafuta jumba la mfalme yule hutakuta ukuta wa kugusa.

Ndiyo maana Wasambaa wanapozungumzia historia yao, hoja hurudi ileile: tuijenge upya. Wapo wanaoitaka kwa moyo wote na wapo wanaoiona kuwa ni mchezo wa kuigiza utakaogharimu fedha. Pande zote mbili zina la maana, ingawa nadhani zote zimekosea kidogo kuhusu kitu kilichopotea.

Tuanze na wanaotaka kujenga. Malalamiko yao makubwa ni ya haki. Ukishuka pwani, kusini kidogo ya mji wa Tanga, unakuta Tongoni: msikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe. Mgeni anaonyeshwa, mwanafunzi anapelekwa. Vuga ilikuwa ya nguzo, fito, udongo na nyasi, na vitu hivyo vikiachwa bila matunzo huoza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa tarehe, Vuga ya Kimweri inaingia bila taabu. Kwa jengo, hakuna cha kulinda. Hivyo anayejenga kwa mawe huhesabiwa kuwa na historia, na aliyejenga kwa miti huhesabiwa kuwa na hadithi tu. Mtoto wa Bumbuli akiambiwa kwamba babu zake walikuwa na dola, kisha haoni hata kichuguu chenye kibao, ataamini vipi?

Nakubaliana nao hapo. Ninapositia ni kwenye mchoro: tutajenga nini hasa?

Krapf, mmisionari, alifika kwa Kimweri mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Burton na Speke, wasafiri wa Kiingereza, walipanda Februari 1857 wakamkuta mfalme mzee na mgonjwa. Burton aliandika kwamba mji ulikuwa na vibanda vya mviringo vipatavyo 500 na watu kama 3,000. Takwimu hizo hunukuliwa kama sensa, lakini mwenyewe alisema idadi ya watu aliambiwa, na kwamba mji ulikuwa marufuku kwa wageni kwa sababu sehemu yake ilikuwa ya wake wa mfalme. Kwa maneno mengine, shahidi wetu wa vipimo ni mtu aliyezuiwa mlangoni.

Upande wa wenyeji tuna Abdallah bin Hemedi, aliyeandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, ikachapwa Magila kwa wamisionari. Hiyo ni hazina, na ajabu ni kwamba wengi wetu Tanga hatujaisoma. Ndani yake yumo Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, kigego aliyeota meno ya juu kwanza, aliyegawa nyama ya nguruwe na kuua simba hadi watu wakamkabidhi nchi. Hapo ndipo linapotoka jina la heshima la wafalme wake, Simba Mwene. Lakini mwandishi aliwajali watu, nasaba na fitina kuliko upana wa milango. Tena alikuwa mtu wa karibu na Wakilindi, kwa hiyo tusitarajie asimulie ikulu kama angeisimulia mkulima aliyebeba mzigo wa ndizi kuipeleka huko.

Mchoraji atakayepewa kazi ya kuchora Vuga, basi, atabuni sehemu kubwa. Wanaopinga husema hilo peke yake linatosha kuufuta mpango. Mimi sioni hivyo. Msonge wa Kisambaa haukuwa siri, na mafundi wangeweza kujenga nyumba ya namna ile bila kudai kwamba kila nguzo imesimama pale ilipokuwa. Shida kubwa ipo kwingine, na inaonekana ukifuata jinsi Vuga ilivyopotea.

Baada ya kifo cha Kimweri kiti kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, mtoto wa Kimweri, alikuwa amekaa Mazinde, chini bondeni kwenye njia ya misafara, akipata bunduki kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Vuga ilivamiwa na kuporwa, Shekulwavu akakimbia. Je, Vuga ilikufa hapo? La. Semboja alimweka mwanawe kuwa mfalme palepale, na mji ukaendelea kuwa kiti cha enzi. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga mfalme Mputa, wakamkubali Kinyashi mahali pake. Mwaka 1898 moto uliiteketeza Vuga, na safari hii haikurudi tena katika ukubwa wake.

Mara ya kwanza mji uliinuka, mara ya pili haukuinuka, na nyasi ni zilezile na milima ni ileile. Kilichobadilika ni nani anamfanyia nani kazi. Jumba la nyasi halijengwi mara moja. Linaezekwa, linakandikwa, linaezekwa tena, na watu wa nchi nzima huitwa kuja kufanya hivyo kwa sababu mfalme ndiye mwenye mvua na mwenye uwezo wa kuiponya nchi au kuiharibu. Mwaka uleule wa 1898 Wajerumani walikuwa wameanza kutoza kodi ya kibanda. Mashamba ya kahawa yalitaka vibarua, na reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Muheza miaka miwili kabla. Mwanamume aliyekuwa na deni la siku zake kwa Vuga sasa alikuwa na deni la rupia kwa Mjerumani. Kwa maoni yangu moto ulimaliza nyumba ambazo wajenzi wake walikwisha kuchukuliwa.

Watetezi wa kujenga hupenda kutaja Kasubi, Uganda, na ni mfano mzuri, ila unasema zaidi ya wanavyotaka. Jumba la Mutesa wa Kwanza, lililojengwa mwaka 1882 na baadaye kuwa makaburi ya wafalme wa Buganda, liliungua Machi 2010. Liliezekwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikaliondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Liliwezekana kwa sababu ukoo wenye jukumu la kuezeka ulikuwa bado upo na unajijua, na Kabaka, mfalme wa Buganda, yupo. Hata hivyo ilichukua miaka 13. Kwetu uchifu ulifutwa baada tu ya uhuru, na hakuna anayeweza kumwambia kijana wa Soni kwamba wiki ijayo ni zamu ya kijiji chake kukata nyasi.

Na je, tungetaka aambiwe hivyo? Hapa wapinzani wana hoja ambayo watetezi huipita haraka. Vuga haikuwa ya upendo mtupu. Ilikula kodi ya mifugo na mazao, na katika vita vya Wakilindi wenyewe kwa wenyewe watu wengi walikamatwa wakauzwa Pangani. Wabondei, majirani waliotawaliwa na Wakilindi, waliinuka wakawafukuza katika uasi unaokumbukwa kwa jina la Kiva. Ukijenga jumba linalong'aa, lenye picha ya Mbegha na simba tu, Mbondei wa Muheza ana haki ya kuuliza historia yake imewekwa chumba gani.

Kwa hiyo mimi naegemea upande wa kujenga, lakini kidogo na kwa mpangilio mwingine. Kwanza wanaakiolojia wachimbe, mahali papimwe na kuwekewa alama, kabla trekta la mtu halijapita. Pili ujengwe msonge mmoja, wa nguzo na nyasi, bila saruji wala bati lililopakwa rangi ya nyasi (nimeliona hilo kwenye hoteli za pwani, inatosha). Humo ndani asimuliwe Kimweri, na Semboja, na Mputa kwenye kitanzi, na waliouzwa, na Kiva. Shule za jirani zishiriki kuuezeka kila unapochakaa, ili ufundi upate warithi.

Mpango wowote utakaoletwa na ramani na makadirio, nitafungua kwanza ukurasa wa matengenezo. Fedha za kuzindua hupatikana, mgeni rasmi hukata utepe. Nataka kuona pameandikwa mwaka wa kumi nyasi zitakatwa wapi, maana misitu na mabonde ya Usambara nayo yana walinzi wake, na zitakatwa na nani, kwa mfuko wa nani.