Si uzee, ni kutegeana
Kuna mwandishi kaandika eti vituko vya kusahau nyumbani vinaletwa na umri kusogea. Hapo sikubaliani naye. David Cameron alikuwa na miaka 45, tena waziri mkuu wa Uingereza, familia yake ilipomsahau binti yao wa miaka 8 kwenye baa: baba alidhani yuko gari la mama, mama akadhani yuko la baba. Kwetu ni chumvi. Mama anatia kwenye maharage, dada akipita jikoni naye anatia, haonji wala haulizi. Mzee anakula kimya, anaomba maji, anaomba tena (hasemi kitu, anaogopa kuambiwa apike mwenyewe). Kesho yake kila mmoja anamwachia mwenzake, maharage yanakuja chapwa. Kwenu nani ana ruhusa ya kugusa kopo la chumvi?