Orodha ya Maneno Peke Yake Haiongezi Alama za Ufahamu

Wengi wanaojiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, huanzia mahali pamoja: wanatafuta orodha ya maneno elfu moja au mbili, wanaandika kila neno na maana yake ya Kiswahili, kisha wanakariri. Baada ya muda wanafanya mtihani wa majaribio wa kusoma, na alama ziko pale pale. Hapo huanza kujilaumu kwamba kumbukumbu yao ni mbovu. Kumbukumbu haina kosa. Walichokariri sicho kinachopimwa.

Mtihani wa kusoma ni nadra sana kuuliza maana ya neno moja kwa moja. Unakupa kifungu kinachosema jambo kwa maneno fulani, halafu swali linalosema jambo hilo hilo, au linalofanana nalo, kwa maneno mengine. Kazi ya mtahiniwa ni kutambua kama mambo hayo mawili ni mamoja. Kifungu kitasema maji yalikuwa "in short supply", swali litasema "scarce". Anayejua kwamba "scarce" ni adimu lakini hajawahi kukutana na hayo mengine ataupita mstari wenye jibu bila kuuona. Ndiyo maana nashikilia kwamba msamiati wa mtihani usomwe kwa jozi, na jozi hizo zitoke kwenye vifungu ambavyo msomaji ameshavijibu mwenyewe.

Hata hivyo idadi ya maneno ina uzito wake. Paul Nation, mtafiti wa msamiati, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya na magazeti ya Kiingereza bila msaada kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, ili msomaji ajue asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yake. Familia hapa ni neno na ndugu zake, kama "produce", "production" na "productive". Tofauti ya asilimia 95 na 98 inaonekana ndogo, lakini ipige hesabu kwenye kifungu cha maneno 900: kwa 98 utakutana na maneno mageni 18, kwa 95 utakutana nayo 45. Hayo 45 ni neno moja katika kila ishirini, yaani karibu kila sentensi ina shimo.

Habari njema ni kwamba maneno hayalingani kwa faida. Mwaka 2000 Averil Coxhead alichapisha orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma, ambazo hubeba takriban asilimia 10 ya maneno katika maandishi ya kitaaluma. Aliyekwisha kushika maneno 2,000 ya kawaida hana hatua bora ya kufuata kuliko hiyo. Lakini asiikariri kuanzia juu kwenda chini. Aifanye chujio: ukikuta neno geni kwenye kifungu, angalia kama limo katika orodha. Likiwemo, linaingia daftarini. Lisipokuwemo, na kutolijua hakukukosesha jibu, liache lipite. Majina ya wadudu, madini na sehemu za mashine huwatisha watu bure. Mara nyingi kifungu chenyewe hueleza ni kitu gani, au swali halihitaji ukijue.

Daftari lenyewe ligawanywe safu tatu. Ya kwanza, sentensi nzima kutoka kwenye kifungu, na neno husika limepigiwa mstari. Ya pili, maneno ambayo swali lilitumia kusema jambo hilo. Ya tatu, maana kwa Kiswahili, katika matumizi hayo tu. Sentensi ni lazima kwa sababu maneno ya kitaaluma hubadilika maana kulingana na jirani zake. Chukua "account for". Katika "Rice accounts for half of their diet" maana yake ni kwamba mchele ni nusu ya chakula chao. Katika "This accounts for the delay" maana yake ni kwamba jambo hili ndilo linaloeleza kuchelewa. Aliyeandika maana moja tu atasoma sentensi ya pili na kubaki anashangaa. Vivyo hivyo usikisie kwa viambishi peke yake: "invaluable" si kitu kisicho na thamani, ni kitu chenye thamani kubwa mno.

Kutoka daftarini, maneno yahamie kwenye kadi, za karatasi au za programu ya simu. Upande wa mbele weka sentensi yenye pengo, siyo neno pekee. Nyuma weka neno. Ukilazimika kulitoa kichwani, linakaa. Ukilisoma tu na kutikisa kichwa kwamba unalijua, halikai. Rudia kesho yake, kisha siku ya tatu, wiki moja, wiki mbili, mwezi. Ukikosea, kadi inarudi mwanzo.

Kuhusu idadi, maneno kumi mapya kwa siku yanatosha. Kila neno likirudiwa mara tano, utafika mahali ambapo kila siku una kadi 50 za kupitia, kazi ya kama dakika ishirini. Anayeanza na maneno 30 kwa siku ataamka na kadi 150, na wengi huacha hapo. Kumi kwa siku katika siku 90 ni maneno 900.

Sasa kwenye ufahamu wenyewe, na hapa ndipo naona muda mwingi unapotea. Watu hufanya mtihani wa majaribio, wanahesabu alama, wanafungua mwingine. Mtihani mmoja uliochambuliwa vizuri unafundisha kuliko mitano iliyofanywa mbio. Ufanye kwanza kwa saa kamili. Kabla ya kuangalia majibu, chukua kalamu ya rangi nyingine urudie bila saa, ukibadilisha majibu unayoyatilia shaka. Kisha sahihisha mara mbili, kila rangi peke yake. Ikiwa kwa saa umepata 22 kati ya maswali 40 na bila saa 33, lugha unayo; unachokosa ni kasi na mpangilio. Ikiwa umepata 22 na 24, kasi siyo tatizo, na mbinu za kuharakisha zitakupotezea muda. Rudi kwenye msamiati na sarufi.

Halafu kwa kila swali, hata ulilopata, pigia mstari sentensi yenye jibu. Ukishindwa kuionyesha kwa kidole, hukujua, ulibahatisha.

Aina ya swali inayoangusha wengi katika IELTS ni ile ya True, False na Not Given. Tuseme kifungu kina sentensi hii: "Most of the island's farmers had abandoned terracing by 1950, although a few families kept it up on the northern slopes." Dai la kwanza: "All the island's farmers gave up terracing." Jibu ni False, kwa kuwa kifungu kinasema wazi familia kadhaa ziliendelea. Dai la pili: "Farmers abandoned terracing because it was expensive." Hapa jibu ni Not Given. Huenda gharama ndiyo ilikuwa sababu, huenda siyo, kifungu hakigusi. Kipimo ni kimoja: je, naweza kuonyesha maneno yanayolipinga dai? Yakiwepo, False. Yasipokuwepo, na hakuna yanayoliunga mkono, Not Given. Wanaokosea mara nyingi ni wale wanaoijua mada vizuri, kwa sababu hujibu kwa wanachokijua badala ya kilichoandikwa. Katika mfano huo angalia pia "a few", maana yake wapo kadhaa. Ondoa "a" ibaki "few", na maana inageuka: ni wachache mno.

Kwa sisi tunaofikiri kwa Kiswahili kuna mtego mwingine ambao vitabu vingi vya maandalizi havitaji. Kiswahili hutanguliza jina kuu, sifa zinafuata. Kiingereza hurundika majina mbele na jina kuu linakaa mwisho. "Water quality monitoring programme" tunaanza kuisoma kama habari ya maji, kumbe ni habari ya programu: programu ya kufuatilia ubora wa maji. Zoezi lake ni rahisi. Toa mafungu kumi ya namna hiyo katika kifungu kimoja, yasome kuanzia mwisho kurudi mwanzo, uyaseme kwa Kiswahili. Baada ya wiki chache jicho huzoea kutafuta jina la mwisho lenyewe.

Mtihani wa kusoma wa IELTS ya kitaaluma una vifungu 3, maswali 40 na dakika 60. Vifungu kwa pamoja huwa na maneno 2,150 hadi 2,750. Vikifika 2,750, anayesoma maneno 150 kwa dakika atamaliza kuvisoma vyote kwa takriban dakika 18 na kubakiwa na 42 za maswali. Anayesoma 100 ameshatumia zaidi ya 27. Kasi hiyo haiji kwa kusoma vifungu vya mtihani. Inakuja kwa kusoma maandishi mepesi na mengi, yenye maneno mageni yasiyozidi mawili katika kila mia. Nusu ya muda wako wa kusoma uende huko, hata kama inaonekana kama mchezo.

Kwa kuwa vifungu huzidi kuwa vigumu, usigawe dakika ishirini ishirini. Jaribu 17, 20 na 23. Maswali ya True, False, Not Given hufuata mpangilio wa kifungu, kwa hiyo jibu la swali la tano halitafutwi juu ya lile la nne. Yale ya kuoanisha vichwa vya habari na aya hayafuati. Hakuna alama inayokatwa kwa jibu lisilo sahihi, basi usiache nafasi tupu.

Kwenye kujaza mapengo, soma maagizo kila mara. Yakisema "NO MORE THAN TWO WORDS" nawe ukaandika matatu, umekosa hata kama jibu limo ndani yake. Nakili herufi kwa herufi kutoka kwenye kifungu, pamoja na "s" ya wingi, kwa sababu tahajia mbaya nayo inahesabiwa kosa. Anayefanya kwa karatasi ajue kwamba sehemu ya kusoma haina dakika za ziada za kuhamisha majibu kama ilivyo kwenye kusikiliza. Andika moja kwa moja kwenye karatasi ya majibu tangu swali la kwanza.